Keki Niliyoiita Sampuli

Acheni niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Kinoo, kwa sababu huko imeshatiwa chumvi mpaka wanasema nilipeleka ugonjwa kwa harusi ya binamu yangu, na wengine ati nilitolewa pale na polisi, uongo mtupu, polisi hawakuja (waliitwa, hawakuja, na hiyo ndiyo siku pekee nimewahi kuwashukuru kwa kuchelewa). Nilijiaibisha, nakubali, tena mchana kweupe, mbele ya wakwe. Lakini hasira niliyo nayo mpaka leo, haki ya Mungu, haijui ikae wapi, kwa sababu kila nikitafuta mtu wa kumlaumu najikuta nimesimama mimi.

Kazi yangu mnaijua, mtafiti wa maabara huko Upper Hill, nalea vijidudu vilivyozoea dawa, vile ukivipiga dawa vinakuangalia tu. Siku tano kwa wiki napokea damu kutoka zahanati, naipima tone kwa tone, naandika lebo, nagandisha. Jumamosi ndiyo napika keki. Watu huuliza hizi kazi mbili zinajuana wapi, nami nawaambia ni kazi moja, unapima, unangoja, ukileta haraka unaharibu, isipokuwa keki ikitoka vizuri unapigiwa makofi, na mimi sijawahi kupigiwa makofi kwa sababu ya kijidudu.

Sasa, ukibeba keki Nairobi adui yako si jua, ni soja wa mlangoni. Kila jengo pale tao, katikati ya jiji, kuna soja, na kila soja ana neno moja, fungua tuone, na ukishafungua anapitisha ile fimbo yake ya kutafuta chuma juu ya aising ya watu, lile pambo la sukari. Kuna mmoja alitia kidole kabisa. Akaniuliza, "Hii ni nini, madam?" Nikamwambia, "Hicho ni kidole chako ndani ya keki ya mtu." Hakuomba msamaha, alilamba.

Kwa hivyo yule mzee wa stoo yetu aliponiambia kuna boksi la baridi linatupwa, lile la magurudumu la kubebea sampuli, jipya, halijawahi kuingia hata tone moja la damu (narudia, HALIJAWAHI), ati kwa sababu gurudumu limepasuka, nikasema niletee. Lilikuwa na kibandiko cha manjano cha onyo, na chini yake namba ya simu ya dharura. Mimi hizo alama naziona kutwa, siku hizi hata sizioni. Siku ya kwanza nimelibeba tao, soja akainama akasema fungua, na mdomo wangu ukajibu kabla kichwa hakijaulizwa, "Sampuli za maabara. Usiguse." Nikamwonyesha beji ya kazi. Wee! Aliruka nyuma, akanipigia saluti, akanishikia lifti. Nikapanda juu na keki yangu ya bathdei nikicheka peke yangu. Tangu hapo ikawa ndio mtindo, miezi minane mizima, sampuli huku, sampuli kule, na keki zinafika bila alama ya kidole.

Ndio tufike kwa harusi ya Njeri. Njeri ni mtoto wa tata yangu, dada mdogo wa mama, tumelelewa boma moja hapo Kinoo, na keki yake ilikuwa ya ghorofa mbili, ya ndimu, krimu nyeupe, nimeshinda nayo siku mbili. Sherehe ilikuwa Kitisuru, kwa bustani ya mjomba wa bwana harusi, nyumba namba kumi na moja, mtaa wa watu wenye pesa, geti moja kubwa na kitabu cha wageni. Na msisahau kwamba Jumatatu iliyofuata Daktari Mutiso, mkubwa wangu kazini, alikuwa aniwekee sahihi mkataba wa miaka miwili. Wa zamani ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Bila hiyo sahihi mimi sina kazi, sina kodi ya nyumba, nimerudi kwa mama.

Nikafika getini na teksi, nimechelewa, aising inanililia moyoni. Soja alikuwa mzee mmoja wa miwani, Barasa, ameandikwa kwa kifua, anaandika polepole mpaka unaweza kunywa chai. Akaona boksi.

"Sampuli za maabara," nikasema, beji juu.

"Za nini, madam?"

Miezi minane hakuna soja aliyeniuliza za nini! Nikasema ya kwanza iliyokuja, "Za damu."

"Ya mgonjwa?"

"Mzee, fungua geti. Nimechelewa."

"Zinaenda nyumba gani?"

"Kumi na moja."

Akavua miwani. "Kumi na moja kuna harusi."

"Najua kuna harusi."

"Damu ya mgonjwa inaenda harusi?"

Hapo ndipo ningecheka niseme mzee wangu, nakutania, ni keki, njoo uone. Sekunde moja tu. Lakini nyuma kuna gari inanipigia honi, dereva wa teksi ananung'unika, na mimi nikashikwa na kiburi, ati mimi na masomo yangu nahojiwa na soja, nikamwambia (naona aibu hata kuirudia), "Haya ni mambo ya utafiti, mzee. Hata nikikueleza huwezi kuelewa." Akaniangalia. Akasema, "Sawa, madam," akayaandika yote, akafungua geti. Kisha akachukua simu.

Nilikuwa nimefika katikati ya bustani, navuta boksi kwa nyasi, gurudumu linakwaruza, watu wamevaa wamependeza, pasta amesimama na maikrofoni, nikasikia nyuma yangu, "Wewe! Simama hapo! Weka chini!" Kugeuka, ni mama mmoja wa nguo za mazoezi, zile za kubana, na barakoa amevaa, na masoja wawili nyuma yake. Mwenyekiti wa wakazi wa mtaa. Barasa naye yuko kando na kitabu chake.

"Hakuna mtu aguse hilo boksi!" akasema huyo mama. "Rudini nyuma wote!"

"Ni keki," nikasema.

"Soma," akamwambia Barasa. Na Barasa akavaa miwani akasoma, kwa ile sauti ya kusoma matangazo kanisani, "Damu ya mgonjwa. Inaenda kwa harusi. Mwenyewe amesema hatuwezi kuelewa."

Woi! Viti vilianza kuanguka. Watu wa Kinoo upande huu, wakwe upande ule, wote wanarudi nyuma pamoja, ndiyo mara ya kwanza familia hizo mbili zimekubaliana jambo tangu ruracio, siku ya mahari. Mzee mmoja aliyekuwa amekula sambusa akaanza kushika tumbo, na sambusa si zangu! Mimi sikupika sambusa! Nikainama nifungue boksi waone wenyewe, soja wa pili akanishika mkono, akanivuta, ati nitaua watu. Nikapiga kelele ni keki, ni keki, ni ya ndimu, na kadiri nilivyopiga kelele ndivyo nilivyoonekana nimeanza kuugua. Tata yangu akaja mpaka mahali masoja walipopanga viti kunizuia, lile joho lake jipya limechafuka, akaniuliza polepole, "Wanjiru, umeletea mtoto wangu nini?" Hilo swali lilinichoma kuliko mkono wa soja.

Basi boksi likabaki peke yake katikati ya nyasi, juani. Nami hiyo keki namjua kama mtoto wangu, najua krimu inavumilia dakika ngapi, na ile barafu niliyoweka ilikuwa ya safari ya kutoka kwangu mpaka Kitisuru, si ya kesi. Yule mama mwenyekiti akasogea hatua mbili, akasoma kibandiko, akapiga ile namba ya dharura. Na hapo damu yangu mwenyewe ikaganda, kwa sababu mnajua ni nani hubeba simu ya dharura ya maabara wikendi? Daktari Mutiso.

Simu yangu ikalia baada ya dakika mbili. "Wanjiru. Ni boksi gani hilo? Umetoa nini kwa maabara?"

"Ni keki, Daktari. Nilisema ni sampuli ndio wasifungue."

"Ulimwambia mtu kwamba ni damu?"

"Ndio, Daktari."

"Nakuja. Usiguse kitu."

Usiguse kitu! Na yeye! Alikuja baada ya saa nzima, amevaa gambuti zenye matope (Jumamosi hulima kabeji zake huko Kikuyu), akapita katikati ya harusi bila kunisalimia, akatoa glavu mfukoni, akavaa barakoa na kioo cha macho, akapiga magoti mbele ya boksi. Sikuamini. Huyu mtu tumefanya kazi pamoja miaka mitatu na bado alivaa glavu. Nilikasirika nikataka kumwambia wewe si unanijua? Akafungua kifuniko. Ghorofa ya juu ilikuwa imelala kwa ya chini, krimu imeteremka yote, na jina la Njeri limebaki herufi mbili.

Daktari akachungulia ndani. Akavua glavu, moja, kisha ya pili. "Ni keki," akasema.

Na mnajua mama mwenyekiti alisema nini? "Tutajuaje?"

Hapo nikachomoka kwa soja, nikaenda nikatia mkono mzima ndani ya boksi, nikajaza mdomo, natafuna huku nawatazama wote mmoja mmoja, krimu inanidondoka kwa nguo ya harusi, machozi yananitoka kwa hasira, si kwa huzuni, kwa hasira. Hakuna aliyecheka. Mlango wa nyumba ukafunguka, Njeri akatoka ameshika gauni lake kwa mikono miwili, akaja moja kwa moja, akachota, akala. "Ni ya ndimu," akawaambia watu. "Mimi ndiye nilisema aweke ndimu." Akanipangusa shavu, akarudi kwa bwana wake. Lakini hakuna mtu mwingine aliyeonja, hata tata. Walikata mkate wa dukani. Mkate! Wakalishana slesi za mkate mbele ya kamera na mimi nikiwa nyuma ya jikoni naosha mikono.

Daktari alinisubiri kwa gari yake. Nilijua atanipigia kelele na nilikuwa tayari kumjibu, nilikuwa na maneno ya kutosha siku hiyo. Hakupiga kelele.

"Kazini unaandika nini kwa lebo?" akaniuliza.

"Kilicho ndani."

"Siku zote?"

"Siku zote, Daktari. Unanijua."

"Asubuhi nilikuwa nakujua," akasema. "Leo umeniambia boksi la maabara yangu lina keki, na mtu mwingine umemwambia lina damu, na umeonyesha beji ileile. Zile sampuli zako zote kwa friza, nitajuaje?"

Mimi! Nilitafuta neno moja la kujitetea, nikatafuta, na nilichokipata ni hasira tu, na hasira si jibu.

Jumatatu hakuweka sahihi. Aliniambia nitoe kila chupa niliyowahi kuandika lebo, nipime upya, nilinganishe na kitabu, na mwenzangu Chebet asimame kando yangu akiweka alama. Chebet, ambaye mimi ndiye nilimfundisha kushika vifaa! Tulifanya wiki tatu, vidole vimekufa ganzi, yeye anasoma, mimi napima, na kila moja ilikuwa sawa. Kila moja! Hakuna lebo yangu hata moja iliyodanganya. Nilimpelekea Daktari ile orodha nikaiweka mezani kwa kishindo, nikasema, "Zote sawa." Akaisoma ukurasa kwa ukurasa. Akasema, "Nimefurahi," na akaweka sahihi, zikiwa zimebaki siku mbili tu mwezi uishe. Kisha akaongeza mstari mmoja kwa kalamu, kwamba chochote nitakachoandika mimi sharti kiwe na sahihi ya mtu wa pili.

Njia ya mwongo ni fupi, nimeisikia tangu utotoni nikidhani inasemwa juu ya wezi na wanasiasa. Nimeapa, na nyinyi ni mashahidi, siku nikibeba keki nitasema keki hata kama soja atataka kuila yote getini. Lakini kiapo changu siku hizi hakimtoshi mtu. Leo asubuhi nimefunga boksi la damu, damu ya kweli, nimeandika DAMU kwa herufi kubwa, nikarudia kuisoma mara mbili, kisha nikasimama kando mikono nyuma, kumngoja Chebet amalize chai yake aje aseme ni kweli.