Wamesema nikimpeleka mdogo wangu kwenye nyumba ya wagonjwa, hawatamwosha

Naomba jina langu lifichwe, maana Garissa ni mji mdogo na ukoo wetu ni mkubwa. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, mjane, nauza maziwa ya ngamia sokoni. Namuuguza mdogo wangu, ambaye alikuwa dereva wa lori la mifugo. Ana ukimwi. Nyumbani neno hilo hatulitaji. Tunasema anaumwa kifua.

Alirudi kwangu mifupa mitupu. Mdomo umejaa vidonda, hata maziwa aliyokulia yanamchoma kama pilipili. Miguu inamuuma mchana kutwa, anauma shuka ili watoto wangu wasimsikie. Majirani wanamjulia hali wakiwa mlangoni na chai yangu hawaigusi. Sawa, nitainywa mwenyewe.

Upande wa pili wa mji kuna nyumba wanamotunza wagonjwa walioshindikana hospitalini. Muuguzi wao, mama mmoja Mkristo, alikuja akampa dawa ya maji ya kutuliza maumivu. Wallahi, siku hiyo mdogo wangu alikaa akaegemea ukuta, akaomba maji ya kutawadha, akaswali Alasiri. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha.

Halafu adeer, yaani kaka mkubwa wa marehemu baba yetu, akaja kutoka Bura na kumkuta mgonjwa amesinzia. Aliichukua ile chupa akaimwaga mchangani. Muuguzi alipofika, akamwambia, "Mama, hii mgonjwa iko na kifua tu. Dawa yako nalewesha yeye. Akikufa amelewa, shahada atasema namna gani? Gari yako isikuje hapa tena."

Muuguzi hakubishana naye. Aliniita kando akasema, "Nikikatazwa mlangoni siwezi kuingia kwa nguvu. Lakini ukimleta kwetu kitanda kipo, na shehe wenu anakaribishwa."

Nilimweleza adeer. Hata hakunitazama. "Mpeleke," alisema kwa Kisomali chetu. "Lakini akifia kwa hao, hakuna mwanamume wa ukoo huu atakayemwosha wala kumchimbia kaburi."

Hapo ndipo aliponishika. Mimi ni mwanamke, siwezi kumwosha, na ndugu wa kiume sina mwingine. Nimwone mtoto niliyembeba mgongoni akizikwa na wasiomjua, bila kuoshwa kama Mwislamu? Hasira ninazo, mnisamehe. Kwenye vikao vya mahari wanaume wetu hujaa mpaka nje, lakini kumgeuza mgonjwa kitandani hajaja hata mmoja.

Jana nilimwambia mdogo wangu maneno ya adeer. Nakiri nilitamani aniambie basi, tubaki.

"Abaayo," akaniambia, dada, "maiti haisikii maumivu. Mimi nayasikia. Hapa kila nikianza shahada naishia kupiga kelele. Nipeleke nikaimalize."

Leo asubuhi nimefunga nguo zake kwenye shuka, kisha nikazifungua. Nimezifunga tena, ziko hapa mlangoni ninapoandika.

Ndugu zangu mnaosoma ukurasa huu, nipeni shauri. Na nyinyi wanaume wa dini yangu mlioko hapa Garissa, nawauliza waziwazi: nikimpeleka, kuna hata mmoja wenu atakayekuja kumwosha?