Njia ya Baiskeli Niliyoichora Kabla Sijajua Kupanda

Treni ya abiria iliporudi Moshi, ofisi yetu ilitaka njia ya baiskeli kutoka Shirimatunda, ipitie eneo la Soweto, iishie stesheni. Nilipewa mimi kazi ya kuichora. Niliichora kwa raha zangu, na miti nikaipanda pande zote mbili, maana kwenye kompyuta mti haudai maji.

Siku ya kuwaonyesha wananchi nilibandika ramani ukutani katika ukumbi wa kata, nikaeleza weee. Nilipomaliza akasimama mzee mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango, suruali ameifunga kamba kifundoni isikamatwe na mnyororo. Alikuwa mfugaji. Kila siku alishuka tambarare kuwakatia ng'ombe wake majani, akayarudisha kwa baiskeli.

"Mama, kazi ni nzuri," akasema. "Nina swali moja tu. Wewe mwenyewe unapanda baiskeli?"

Ningeweza kusema, "Kidogo kidogo." Nikasema, "Hapana, baba. Sijui."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Mimi nimekulia juu mlimani, kwenye migomba na kahawa, ambako njia zote ama zinapanda ama zinashuka. Kwetu baiskeli ilikuwa kitu cha watu wa tambarare, tena cha wanaume. Nilisomea mipango miji, nikafika miaka arobaini na moja, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali lile.

Mzee hakucheka. Alinisubiri nje. "Jumamosi njoo nyumbani," akaniambia. "Na uvae suruali."

Jumamosi nilifika, nikawaamkia shikamoo yeye na mkewe. Mkewe, ambaye hupeleka ndizi sokoni, alinipa baiskeli yake kwa sababu ilikuwa fupi. Nilidhani mzee atanishikilia kwa nyuma. Akakataa. Alinipeleka kwenye kiwanja chenye mteremko mdogo, kando ya mfereji.

"Wewe si mtu wa mlimani? Basi shuka tu. Pedali ziache, miguu ining'inie. Na usitazame mfereji!"

Nikautazama mfereji. Nilitoka humo nikiwa na tope hadi mapajani, na mkewe akaniita kwa furaha isiyo na huruma hata chembe: "Umeshaoga, mwanangu, sasa njoo ule!" Tukanywa mtori wake wa ndizi, tukarudi mteremkoni. Kufikia alasiri nilikuwa nimezunguka kiwanja mara mbili bila kugusa chini, nikapiga kengele ingawa mbele yangu hakukuwa na hata kuku.

"Vizuri," mzee akasema. "Sasa uone mzigo."

Akafunga majani yake kwenye keria, yakatanuka huku na huku kama mbawa. Nilitoa futi kwenye mkoba, nikapima. Mzigo peke yake ulikuwa mpana kuliko njia nzima niliyoichora.

"Na anayetoka mjini atapita wapi?" akaniuliza.

"Atapita juu yako, baba."

Hapo ndipo alipocheka, mpaka akashika mti.

Jumatatu nilifuta miti ya upande mmoja, nikapanua njia. Mkuu wangu hakupendezwa. "Hii sasa ni barabara," alisema. Kesho yake nilimwomba tusimame kando ya lami, Soweto, saa moja asubuhi. Baiskeli ya tatu ya majani ilimfagia shati jeupe, ikamwachia mistari ya kijani begani. Alijipangusa, kisha akasema, "Lete ramani yako niisaini."

Kipande cha Shirimatunda hadi Soweto kimejengwa. Kilichobaki kinasubiri bajeti, na huko bado tunabanana na magari. Lakini nilinunua baiskeli, nyekundu, na asubuhi moja nilikwenda nayo stesheni kumpokea mdogo wangu aliyekuja kwa treni kutoka Dar. Alishuka na begi kubwa, akanitazama, akaitazama keria.

"Dada, una akili timamu kweli?"

"Panda. Begi litakwenda na bodaboda."

Alipanda akiwa amenikumbatia kiuno kwa nguvu zote, akipiga kelele kila kona, na tulipoingia kwenye njia yetu pana akanyamaza, akaanza kuwapungia watu mkono.