Kwa Mama Janet wa Barani, mgeni hukuna nazi kabla ya kula

Saa kumi na moja na robo alfajiri, Janet Kavumbi amekaa juu ya mbuzi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma wa kukunia nazi, nyuma ya nyumba yake mtaani Barani, Malindi. Taa ya chaji inaning'inia kwenye boriti. Kizio cha nazi, nusu yake iliyopasuliwa, kinazunguka mkononi mwake, na nazi inaanguka nyeupe kwenye sinia.

Hatazami saa. "Nikifika nazi ya tano namsikia muadhini," anasema. "Hapo najua sufuria ya kwanza haijachelewa."

Ana miaka sitini na mmoja. Jirani zake na wageni wake wote humwita Mama Janet. Anapika mbaazi za nazi na mahamri, hana chakula kingine, na ikifika saa nne asubuhi hana hata hicho.

Sufuria ya kwanza ni ya watu wa soko. Ya pili ni ya wageni wanaotoka Nairobi kuja kupumzika siku mbili, wakiulizana wale wapi na waone nini kabla ya kurudi kazini Jumatatu.

Leo ni Jumamosi, na sufuria hiyo ya pili ndiyo inayomsumbua.

Mama Janet alizaliwa Jilore, kwa wakulima. Alikuja mjini akiwa msichana, akafua mashuka katika hoteli moja ya ufuoni kwa miaka kumi na minne. Hoteli ilipofungwa alirudi nyumbani hapa Barani na mikono mitupu, akaweka benchi moja uani, akaanza kupika kile alichokijua.

Mteja wake wa kwanza alikuwa Laban, msukuma mkokoteni. Mpaka leo, miaka tisa, Laban hukaa pale pale mwisho wa benchi. Sahani ya mbaazi na mahamri matatu humgharimu shilingi themanini.

Wageni waliletwa na Bi Anjana, ambaye ukoo wa mumewe umeuza vitambaa Malindi tangu enzi za babu. Juu ya duka ana vyumba vitano vya kulaza wageni. Bi Anjana hali nyama wala samaki, kwa hiyo kwa miaka mingi alikuwa akituma bakuli kwa Mama Janet. Siku moja aliwaonjesha wageni wake.

"Nilifanya kosa," Bi Anjana anasema huku akicheka. "Tangu siku hiyo bakuli langu linarudi nusu."

Wageni wakapiga picha, wakazirusha kwenye simu zao. Walikuwa wanne, wakawa kumi, na mwezi uliopita walifika ishirini na sita asubuhi moja. Kila mmoja hulipa shilingi mia tatu. Asubuhi mbili za mwisho wa wiki zikawa zinashinda siku zote tano za soko, na kwa fedha hizo bintiye mdogo, Hope, akaingia chuo cha uuguzi mjini Kilifi. Amebakisha mwaka mmoja.

Lakini mkono wa mtu una mpaka. Nazi za watu ishirini na sita hazikuniki na mwanamke mmoja. Jumamosi ile Mama Janet alifanya jambo ambalo mpaka leo akilisimulia huinamisha kichwa. Alikata pakiti za tui la dukani, akazimimina katika sufuria zote mbili.

Wageni walikula, wakasifu. Laban alikula matonge mawili. Alichukua sahani tupu, akafunika ile yake kama mtu anayemwekea mwenziwe chakula, akalipa, akasukuma mkokoteni wake akaenda.

"Afadhali angenitukana," anasema Mama Janet. "Tusi ningelijibu. Sasa sahani iliyofunikwa utaijibu nini?"

Aliapa kutokata pakiti tena. Basi yakabaki mawili: kuwafukuza wageni au kupata mikono mingine. Usiku akilala alikumbuka maneno ambayo kila mtu wa pwani ameyasikia, kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

"Nikajiambia, hawa wangu hawafiki hiyo ya tatu! Jumapili jioni wako kwenye gari. Jembe watalishika lini? Basi na walishike siku ya kwanza."

Alimwambia Bi Anjana kwamba kuanzia sasa atapokea wageni wanane tu, wafike saa kumi na mbili kamili, na wakune nazi yao wenyewe. Bi Anjana alishtuka. Mtu aje likizo, alipe, halafu afanyishwe kazi? Walibishana mlangoni pa duka mpaka chai ikapoa. Mwishowe wakakubaliana kujaribu Jumamosi hii moja. Akinung'unika mgeni hata mmoja, kuanzia wiki ijayo wote watapelekwa kunywa chai kwenye hoteli nyingine ya ufuoni.

Ndiyo maana asubuhi hii Mama Janet amefagia ua mara mbili.

Sufuria ya kwanza iko tayari. Mbaazi zimeiva kwa tui jepesi, na sasa anamimina tui zito la kwanza, akikoroga bila kuinua mwiko. Akigeuka kidogo tu tui hukatika, likawa mabonge na maji. Watu wa soko wanamsalimu na yeye anajibu akiwa amewapa mgongo. Hakuna anayekasirika, wanajua.

Saa kumi na mbili na dakika tano wageni wanaingia. Wako wanane. Mbele yuko Cindy, karani wa benki, na kaka yake Jimmy, kijana mrefu mwenye viatu vyeupe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, wanangu. Mmelala? Haya, nani anaanza?"

Wanatazamana. Cindy anauliza kama kuna mashine. Mama Janet anamvika leso kiunoni juu ya suruali, anamketisha kwenye mbuzi na kumshika viganja. "Usisukume. Zungusha. Nazi inakunwa kwa upole, si kwa hasira."

Cindy anakuna robo ya kizio, anacheka, anapumzika. Jimmy anasema wanawake wanapoteza muda. Anakaa yeye, magoti yakimfika kwenye masikio.

Hapo Laban, mdomo umejaa hamri, anashindwa kunyamaza. "Jamani, njooni! Mwanamume amekalia mbuzi! Barani tumeishi kuona!"

"Mzee, kwani wewe hujawahi?" anauliza Jimmy.

"Mimi nina mke, bwana."

Benchi zima linaangua kicheko. Huku pwani kukuna nazi ni kazi ya wanawake, na kijana wa Nairobi hana habari. Lakini badala ya kuinuka, Jimmy anakuna kwa nguvu zaidi. Anamaliza nazi mbili wenziwe wakimhesabia. Mama Janet anaposogea kutazama sinia, uso unamwanguka kidogo.

Nazi si nyeupe. Jimmy amekuna mpaka kwenye kifuu, na ile ngozi ya kahawia ya ndani imechanganyika na nyama. Tui lake litakuwa jeusijeusi, na ukali kwa mbali. Mama Janet anainua macho na kumwona Bi Anjana amesimama kwenye lango.

Pakiti moja ya tui imebaki kabatini. Anasema baadaye kwamba aliifikiria. Halafu akavuta pumzi, akamwita kijana.

"Jimmy mwanangu, njoo uone. Hii nyeupe ni ya dada yako. Hii ya kahawia ni yako wewe, umekula mpaka ukuta wa nyumba. Haiharibiki, inaliwa. Lakini leo mtakula mlichokuna."

Jimmy anatazama sinia. Bi Anjana anamtazama Jimmy.

"Basi ya kwangu isichanganywe," anasema Jimmy. "Nataka niionje yenyewe."

Inakamuliwa, inapikwa na mbaazi kando, katika kisufuria. Inatoka ya kijivu, na Jimmy anaipiga picha kama mtoto mchanga. Wenziwe wote wanagombea kuonja. Hata Laban, ambaye alikwisha nawa, ananyoosha sahani.

"Nitilie hiyo ya mwenye mbuzi." Anaonja, anatafuna polepole. "Ina vumbi la Nairobi," anasema. Kisha anaongeza hamri.

Wageni wanauliza waende wapi sasa. Mama Janet ana majibu yake. "Leo msikimbie huku na huku. Tembeeni mji wa kale kabla jua halijapanda, mchana mlale kama watu. Kesho nendeni Ngomeni mkale kaa, lakini mfike mapema, mchana jua la huko halina huruma."

"Kesho tunarudi hapa kwanza," anasema Cindy. "Sijamaliza nazi yangu."

Bi Anjana anasogea kwenye kisufuria. Anachota kijiko kimoja cha mbaazi za kijivu, anameza, anafuta mdomo. "Basi nitawaamsha saa kumi na moja na nusu," anamwambia Mama Janet. "Lakini bakuli langu mimi litoe kwenye sufuria ya kwanza."

Mama Janet sasa ana mpango. Fundi mmoja wa Jilore anamchongea mbuzi mbili zaidi, moja ya miguu mirefu kwa ajili ya watu kama Jimmy. Anatumaini zitamfikisha mwaka ujao, Hope atakapovaa sare ya wauguzi. Watu wa soko wataendelea kula kwanza, na wageni hawatazidi wanane.

Saa nne anakusanya vyombo. Anaanzia mwisho wa benchi, kwenye sahani ya Laban. Haikufunikwa, na ndani hamna kitu.