Mlio Ambao Halidi Hakuusikia

Halidi alitoka Kisarawe akiwa kijana, akaja Kibaha kujifunza ufundi wa magari, akazeekea huko huko. Gereji yake ilikuwa Mbwawa, na watu waliifuata kwa sababu ya masikio yake. Alikuwa anafungua swichi bila kuwasha injini, kisha anainamia kiti cha nyuma. Chini ya kiti hicho, ndani ya tangi, pampu huvuma kwa sauti nyembamba inaposukuma petroli kwenda mbele, halafu hunyamaza. Akishaisikia, anawasha gari, anagusisha bisibisi ndefu kwenye nozeli na kuweka mpini sikioni, anasikiliza kila nozeli inavyogonga ikipuliza mafuta.

"Hii imeziba," alikuwa akisema, na wakiifungua wanakuta kweli.

Siku moja mwalimu Zawadi alimletea gari lake.

"Shikamoo, mzee Halidi. Huku nyuma kuna kitu kinalia kama mbu. Mafuta yakipungua ndiyo kabisa."

"Marahaba, mwalimu. Hebu tuone."

Alifungua swichi, akainama. Kimya. Akarudia. Kimya tena. Alipowasha, gari liliitika mara moja, na pampu iliyokufa haiwashi gari.

"Hamna kitu hapa," alisema.

"Mzee, mbona kinalia hata sasa hivi?"

Halidi alisita. Alimwona Zawadi amegeuza kichwa kuelekea nyuma, kama mtu aliyeitwa. "Ni feni tu hiyo," akasema. "Nenda, usiwe na wasiwasi."

Wiki haikuisha. Zawadi alikuwa anamtoa mama yake Dutumi kumpeleka hospitali, pumu imembana. Walipofika kwenye mlima gari likakosa nguvu, likakohoa, likazima katikati ya mashamba. Mama alipakiwa kwenye bodaboda, Zawadi akimshikilia kwa nyuma huku akimsikia anavyotafuta pumzi. Walifika, akalazwa, akapona.

Zawadi aliporudi kulichukua gari, lilikuwa limepoa, likawaka tena, kama pampu iliyochoka inavyofanya. Zawadi aliliendesha moja kwa moja hadi gereji, akalisimamisha likiunguruma. Hakusalimia.

"Lisikilize vizuri safari hii."

Lusajo, fundi wa ng'ambo ya barabara, alikuja anafuta mikono. "Kaka Halidi, pampu inapiga kelele hivyo, nimeisikia kutoka kwangu. Ulikuwa hujaigundua?"

Halidi aliwatazama nyuso zao. Wote wawili walikuwa wanasikia kitu. Akang'oa kiti cha nyuma, akaweka kiganja juu ya mfuniko wa pampu. Ulikuwa unatetemeka.

"Siisikii," alisema taratibu. "Wallahi siisikii."

Jioni alimweleza mkewe, Mwanajuma, akidhani anampa habari mpya. Mwanajuma aliweka chini sahani aliyokuwa anaiosha.

"Baba, simu inaita pembeni yako mpaka inakatika. Nilijua. Niliogopa kukwambia."

"Ungeniambia. Mama wa watu angekufa."

Hospitali walimpima. Daktari alimweleza kuwa milio minene bado anaipata, ila ile myembamba imekwenda, imeliwa na miaka ya injini na nyundo, wala haitarudi.

Alimfungia Zawadi pampu mpya, kisha akaenda kumwangalia yule mama. Mama alimkaribisha, akamwambia ni mipango ya Mungu. Zawadi alisimama mlangoni muda wote, na tangu siku ile gari lake hutengenezwa kwingine.

Halidi bado anafungua gereji. Alinunua geji ya kupimia presha ya mafuta, na humwambia kila mteja ukweli kabla hajagusa gari: "Masikio yangu yamepungua. Niambie wewe, linaliaje?" Wengine hueleza kwa subira. Wengine hutazama saa na kusema watapita kesho, naye huwaona wakivuka barabara kwenda kwa Lusajo.