Baba na Mionzi ya Kigali

Baba hakuwahi kuniambia kwamba anakojoa kwa shida. Nilisikia kwa mama. Alipokubali kwenda hospitali ya mji wetu, Baraka, saratani ya tezi dume ilikuwa imeshafika kwenye mifupa ya mgongo, na yule mvuvi aliyezoea kuvuta nyavu peke yake hakuweza kuinuka kitandani bila kushikwa.

Dokta alitutuma Kigali, kwenye mashine ya mionzi. Kaka yangu alikuwa Misisi kwenye mashimo ya dhahabu, simu yake haipatikani, basi nikaenda mimi. Boti mpaka Uvira, kisha barabara, mpaka wa Rwanda, barabara tena. Baba hakutulia: akae, alale, aulize tumefika wapi. Mimi nilikuwa nimesoma habari za wagonjwa waliopewa mionzi pamoja na dawa ya kuamsha kinga ya mwili ili ipigane na saratani. Njia nzima nilirudia kimoyomoyo swali nitakalomwuliza dokta kuhusu dawa hiyo, nikiogopa kulisahau.

Mlangoni kwa dokta wa Kigali, Baba alinizuia kwa mkono.

"We bakia hapa. Mi siwezi sema hii maneno mbele ya mutoto wangu mwanamuke."

Nikazungukazunguka kwenye korido. Haukupita muda mlango ukafunguka.

"Kuya, ingia," alisema bila kuniangalia. "Kifaransa yake inanishinda."

Nikatafsiri. Mkojo, damu, mambo yake na mama, yote yalipita kinywani mwangu huku sote wawili tukitazama sakafu. Kisha nikauliza swali langu. Dokta, mama mmoja mpole, hakunicheka. Kuunganisha mionzi na dawa ya kinga bado kunajaribiwa, alisema. Wachache wamepata nafuu kubwa, wengi wenye saratani hii hawajapata, na pale hospitalini hawakuwa na dawa hiyo. Mionzi peke yake ingepunguza maumivu.

"Anasema nini?" Baba aliuliza.

Nilitafuta neno laini, nikalikosa. "Maumivu itapunguka, Baba. Kupona, hapana."

"Basi batie hiyo mionzi. Mi nataka kukaa, nikule na batu."

Tumerudi Baraka sasa. Anakaa mwenyewe, anakula na watu, anabishana na majirani kuhusu bei ya ndagala, dagaa wa ziwani kwetu. Kila anapobadilisha mkao mazungumzo yananipotea, nikitafuta maumivu usoni mwake. Akiniona, ananisukumia sahani ya ugali.

"Kula, mama. Mi niko."