Dhahabu Iliyogeuka Maji ya Manjano

Mwanangu, siku ninayotaka kukusimulia naikumbuka kwanza kwa harufu yake. Ilikuwa harufu ya asidi, ya kuwasha pua, katika kibanda cha sonara mmoja wa mtaa wa Nyalukemba, mjini. Nilikuwa msichana bado. Nilikuwa na mama yangu na shangazi Nabintu, dada wa marehemu baba, aliyetoka kijijini Nyantende asubuhi hiyo kwa sababu hakumwamini mtu yeyote wa mjini.

Baba alichimba dhahabu Mwenga mpaka ugonjwa ukamrudisha nyumbani. Kabla ya kufa alimpa mama kipande kidogo kama haragwe, akamwambia ndiyo pete ya ndoa aliyomwahidi mbele ya padri. Mama alikishona kwenye pindo la kitenge. Siku hiyo alikileta kitengenezwe pete.

Fundi Bertin, yule sonara, alisema lazima akisafishe kwanza. Akakitia katika chupa ya kioo, akamimina asidi ya aina mbili, akaiweka chupa juu ya makaa. Moshi mwekundu ukatoka. Kipande kikapungua, kikapungua, kikaisha. Yakabaki maji ya manjano.

"Pole, maman," alisema. "Bwana yako alikudanganya. Hii haiko dhahabu. Dhahabu ya kweli haiyeyukake mu acide."

Nawe ujue, sisi watoto wa wachimbaji tulikua tukiona dhahabu ikipimwa kwa asidi. Shaba huchemka na kutoa povu la kijani; dhahabu hubaki vile vile. Kwa hiyo mama aliamini papo hapo, na mimi pia. Nilimwonea uchungu. Hakuwa akililia pete. Alikuwa akimwona mume wake, huko kaburini, akigeuka mwongo.

Shangazi hakuamini, wala si kwamba alijua lolote kuhusu asidi. Alikuwa akiitazama mikono ya Bertin. Mtu aliyesema si dhahabu alikuwa anaifunika chupa taratibu, kama mtu anayefunika maziwa ya mtoto.

"Acha hiyo maji hapa," Bertin alisema. "Iko poison, sumu kali. Nitaimwanga chini."

"Imwange sasa, tuone," shangazi akajibu.

"Haimwangwake ovyo, maman."

"Kama iko bure, juu ya nini unaigombania?"

Akainyakua chupa, akanikabidhi, tukaondoka. Matone machache yalinidondokea vidoleni. Niliyafuta haraka, lakini njiani, jua likiwaka, vidole vyangu vikaanza kuwa vya zambarau. Nikasugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa mchanga. Wapi! Shangazi alinishika mkono akautazama kwa muda mrefu. "Takataka gani inapakaa hivi?" akauliza.

Tukampelekea chupa mwalimu wa kemia aliyekuwa akikaa mtaa wa Kasha. Shangazi alimshuku naye pia. Hakumpa chupa mpaka aeleze mlangoni atakachofanya. Mwalimu akacheka, akaeleza. Asidi moja peke yake haiishindi dhahabu, lakini hizo mbili zikichanganywa huiyeyusha, nayo huwa kloridi ya dhahabu. Ndiyo inayotia ngozi zambarau ikipigwa na mwanga. Ukiikausha polepole inaganda vipande vyekundu, ambavyo hunyonya unyevu wa hewa na kulowa tena. Ukiichoma sana, inaiachia dhahabu yake.

"Basi iiachie dhahabu hiyo, sisi tukiona," shangazi alisema.

Mwalimu akatia ndani chumvi ya chuma, ya kijani kibichi, ya kuitenga dhahabu na maji. Maji yakaingia giza, na tope la kahawia likatua chini. Nilikata tamaa nilipoliona, maana lilifanana na tope la mtaroni. Akaliosha, akaliyeyusha kwa moto mkali. Kikabaki kitone cha njano, kinang'aa.

Mama hakushangilia. Alikaa sakafuni. "Alisema kweli," alisema. "Na miye nilimutukana kwa roho yangu yote, naye hakukuwa na kinywa ya kunijibu."

Kama Bertin alitaka kuiba au hakujua kazi yake, sikuwahi kupata uhakika. Mimi nasema alitaka kuiba.

Mwanangu, kushuku si dhambi. Wanaokuambia kila mtu ni mwema, washuku hao kwanza. Ila angalia unamshuku nani. Mama yangu alikuwa na watu wawili mbele ya moyo wake: fundi aliyemjua kwa saa moja, na mume aliyelala naye miaka yote ile. Akamwamini fundi. Mtu akija kukuchafulia jina la mpenzi wako aliyekufa au aliye mbali, usikubali kabla hujamuuliza yeye anayesema: wewe unafaidika nini? Uulize, usubiri, uangalie mikono yake.

Mungu akupe macho makali na moyo usiowasahau walio wako. Na siku usipokuwepo kujitetea, akuwekee mtu mmoja mbishi wa kukataa kuondoka bila chupa.