Barua Isiyotaja Jina

Mume wangu alinioa Dar es Salaam akanileta Brussels, na katika mambo yote aliyonieleza kabla ya ndoa hakugusia hata mara moja mpira wa kikapu. Nilikuja kujua Jumamosi ya pili baada ya kufika, nilipovishwa skafu ya bluu na kupandishwa treni ya metro kutoka kwetu Anderlecht kwenda kuwatazama watu warefu wakifungwa. Sheria za mchezo sikuzielewa. Kufungwa nilikuelewa siku ileile, maana hilo halihitaji mwalimu.

Miaka saba nilikalia kiti kilekile cha plastiki, nyuma ya kikapu cha upande wa choo. Kundi letu lilikuwa la watu kumi na wawili, wote wa Lubumbashi na Likasi kule Kongo isipokuwa mimi, ambaye Kiswahili changu walikicheka kwamba ni cha padri anayesoma tangazo. Tulikwenda kwa sababu moja tu: katika timu ile alikuwamo mpwa wa mume wangu. Alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na saba, mchezaji wa kulipwa wa nafasi ya ulinzi, mwenye mkono mzuri na maneno machache. Aliniita maman, ingawa nimemzidi miaka minane tu, na hakunisalimia hata siku moja bila kuinama kidogo, na kuinama kwake kulikuwa safari.

Mama yake, yaani wifi yangu, hakuwahi kumwona akicheza uwanjani. Figo zake zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa wiki alipaswa kulala kwenye mashine ya kusafisha damu katika hospitali kubwa ya Jette, kwa muda wa saa nne kila mara, na mwanawe ndiye aliyempeleka kabla ya mazoezi. Alimfunga mkanda wa gari, akamfunika blanketi magotini, kisha akakaa pembeni ya kitanda akimsimulia mechi. Kwa kuwa mechi zenyewe hazikuwa za kusimuliwa kwa mgonjwa, alimdanganya. Alimwambia timu ni ya tatu kwenye ligi. Ilikuwa ya mwisho.

Majira ya baridi ya mwaka ule tulifungwa hadi watu wakaacha kuulizana matokeo. Uongozi wa timu ukatangaza kwamba unafikiria kuijenga upya, na mashabiki wenye maoni waandike. Huku si kama Marekani, ambako mchezaji hubadilishwa kama shati, lakini timu mbili zikikubaliana, na mchezaji akatia sahihi, mambo hufanyika. Basi Jumapili moja, baada ya Misa, kundi zima likaja kwetu kula bukari, yaani ugali wao, na samaki na kuamua timu ifanyeje. Mume wangu alikuwa upande wa subira. Alisema watu hawa wamecheza pamoja miezi mitano tu, hata ndoa haijulikani kwa miezi mitano. Wengine walitaka kocha aondoke. Mimi, niliyekuja nikidhani kikapu ni cha kubebea nyanya, nilikuwa mkali kuliko wote. Nilisema mtu akiunguza chakula mara tisa hubadilishi sufuria, unabadilisha mpishi. Wakacheka, na nikiwachekesha watu huwa siwezi kunyamaza. Nikaendelea hadi meza nzima ikaja upande wangu: wachezaji wabadilishwe.

Hakuna aliyeuliza wachezaji gani. Sote tuliwajua. Kulikuwa na Mmarekani aliyerusha mpira kana kwamba unamchoma mkono, na majitu mawili yaliyoogopa kugusana na watu. Nikapewa kalamu, kwa sababu nafanya kazi ofisini Etterbeek na siku nzima naandika barua za Kifaransa za watu wengine. Nilikuwa nimekwisha kuandika jina la Mmarekani pale mkuu wa kundi letu, papa mmoja, yaani mzee, mstaafu wa shirika la reli, alipoweka kiganja chake juu ya karatasi.

"Non, maman. Hatutajake muntu jina mu barua," alisema. "Yule naye iko na mama yake. Bon, andika tu 'wachezaji bamoja'. Batajua bao benyewe."

Wote wakakubali, na mimi nikaona haya kwamba walinitangulia kwa adabu. Kwa watu hawa, kumtaja mtu kwenye karatasi ni kumvua nguo barabarani. Utamsema sebuleni mpaka jioni, lakini kwenye karatasi hapana. Nilichana ile ya kwanza nikaandika nyingine, safi, ya heshima, nzuri kweli. Nilisema tunaipenda timu, tunaona uchungu, na tunaomba uongozi uwe na ujasiri wa kubadilisha baadhi ya wachezaji hata kama itauma. Hayo ya kuuma niliyaongeza mwenyewe. Tulitia sahihi kumi na mbili, yangu ikiwa ya kwanza.

Wiki mbili baadaye, Alhamisi, mpwa wetu alimrudisha mama yake kutoka Jette, akamlaza, kisha akaja jikoni kwangu. Alikaa kwenye kile kistuli kifupi, magoti yakimfika kifuani. Akanieleza taratibu kwamba amebadilishwa. Anakwenda kwenye timu ya mji mmoja kaskazini mwa Uholanzi, mwendo wa saa nne kwa gari, na wawili wa huko wanakuja hapa. Mkurugenzi wa timu alikuwa amemsomea barua ya mashabiki kuonyesha kwamba hata watu wake wameomba. Angeweza kukataa, lakini mkataba wake ulikuwa unaisha Juni, na waliokwisha kumwambia hawamhitaji wangemkalisha benchi hadi siku hiyo, halafu nani angemchukua.

Nilimwambia hatukumaanisha yeye. Nilimtajia wale watatu, kwa majina yao, tena kwa sauti. Nilikuwa na hasira, na sikujua hasira yenyewe niipeleke kwa nani.

"Maman, minajua," alisema. "Lakini bale batatu, hakuna mwenye anabataka."

Mpaka leo ndiyo sentensi ya akili kuliko zote nilizowahi kusikia kuhusu mchezo ule. Mkono mtupu haulambwi. Timu iliyooza ikienda sokoni haina cha kutoa isipokuwa kile kimoja kilicho kizima, na hicho ndicho tulichokuwa tukikitazama miaka yote ile. Mtoto mdogo angeliona hilo. Watu kumi na wawili, tumeshiba samaki, hatukuliona.

Mume wangu alipiga simu. Papa mstaafu alivaa suti akaenda mwenyewe hadi ofisini kwao. Mkurugenzi alimpokea vizuri, akatoa barua yangu kwenye faili, akamwonyesha sahihi yake. Papa alirudi akakaa na koti lake mwilini, na habari za timu hatukuzizungumza tena. Kundi halikuvunjika kwa ugomvi. Watu waliacha tu kuja, mmoja baada ya mwingine, na skafu yangu sasa inazuia upepo chini ya mlango wa balkoni.

Wale wawili waliokuja hawakusaidia kitu. Mmoja alikuwa na mgongo mbovu, mwingine alikuwa mvivu. Timu bado ni ya mwisho. Mmarekani yupo, majitu yote mawili yapo, na niliwahi kukutana na mmoja wao kwenye metro akanishukuru kwamba mashabiki wetu hawakuwahi kumsema vibaya.

Wifi yangu sasa nampeleka mimi. Niliomba nusu siku kazini, na gari ni lile lile la mwanawe, alilotuachia. Siku ya kwanza kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa kwa ajili ya miguu yake, mguu wangu haukufika kwenye breki. Nilikivuta mbele nikalia, kisha nikajipangusa nikaenda kumchukua mgonjwa. Mwanawe hupiga simu kila siku. Huja akipata nafasi, na nafasi ni chache. Daktari ametuambia moyo wa mama nao umechoka, na tusipange mambo ya mbali.

Mwezi uliopita, akiwa kwenye mashine, damu yake ikizunguka kwenye mirija ile, wifi alinishika mkono, akaniita wifi kwa Kifaransa.

"Belle-sœur, timu ilikuwa ya mwisho. Minajua zamani," alisema. "Njo maana muliandika. Weye uliandika muzuri, bakakusikia. Baandikie tena, bamurudishe mutoto."

Hakuninunia. Hakukuwa na kijembe ndani yake, ningeshukuru kingekuwapo. Aliamini tu kwamba kalamu iliyomwondoa mwanawe inaweza kumrudisha. Nikatoa karatasi kwenye mkoba na kuandika pale pale, juu ya goti, na safari hii nilitaja jina. Niliandika jina lake lote, la baba na la babu, kisha la mama yake, na la ugonjwa wake, na siku zake za mashine. Papa mstaafu angeona aibu. Nilimsomea, akasema ni nzuri, na jioni ile ile nikaituma.

Nilijibiwa baada ya siku tatu, mistari miwili: wanatutakia heri, na usajili wa msimu huu umefungwa. Jumanne wifi aliponiuliza, nilimfunga mkanda, nikamfunika blanketi magotini, nikamwambia bado wanaisoma. Akaitikia kwa kichwa, polepole, vilevile alivyokuwa akimwitikia mwanawe alipomwambia timu ni ya tatu.